Mjomba, gari ya babu imelala tangu 1979: niiuze chuma chakavu au niiamshe?

BARUA

Mjomba habari yako,

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi Mbale lakini kwetu ni kijijini nje kidogo ya Tororo, na shida yangu safari hii si ya ndoa, ni ya gari, naomba usinicheke.

Babu yangu aliyefariki mwaka juzi alikuwa karani kwenye jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba, na 1969 alinunua Peugeot 404 saluni rangi ya krimu. Kijiji kizima wanaijua. Bibi anasema usiku mama yangu alipozaliwa hiyo gari ndiyo iliyompeleka hospitali, mvua inanyesha, babu kifua wazi kwa sababu shati alimfunika nalo bibi. Basi 1979 vita vilipofika, askari wa Amin wakawa wanakimbia na wananyang'anya kila kitu chenye magurudumu, babu akaisukuma ndani ya stoo ya matofali, akaipandisha juu ya magogo, akang'oa magurudumu yote manne akayafukia ghalani chini ya mihogo mikavu. Askari walifika, wakaizunguka, wakaipiga mateke, wakaenda zao. Baada ya hapo hakuiendesha tena. Kwanza zilikuwa zile siku za magendo, petroli na spea mpaka umjue mtu, halafu mishahara ya jineri ikakatika, halafu macho yake yakaanza kumsumbua, na kila mwaka alikuwa anasema Krismasi hii, Krismasi hii, mpaka ameondoka.

Mwezi uliopita nilifungua ile stoo. Mjomba, mchwa wamejenga mpaka juu ya viti, kuku wanataga kiti cha nyuma, na bati la stoo limetoboka upande wa nyuma kwa hiyo maji yanaingia pale kwa buti. Lakini vioo vyote vizima! Hata kimoja hakijapasuka. Na ile gia yake ya kwenye usukani bado inacheza. Ndani ya buti nilikuta chuma kirefu kimepindwa mara mbili kama herufi Z, sijui ni cha nini.

Sasa shida. Baba mdogo amekuja na mnunuzi wa vyuma chakavu, anatoa shilingi laki saba, anataka kuibeba kabla mwezi haujaisha. Baba mdogo anasema kutu hairithiwi. Bibi ana miaka 84, hasemi mengi, amesema tu "mimi bado nipo". Mimi nina akiba ya milioni tatu kwenye SACCO, nikaona nilete fundi kutoka mjini aiangalie. Akaja na betri yake, akafunga, akapiga stata ikalia tk tk tk basi, injini haikuzunguka hata kidogo. Akasema imekufa, na hata mfumo wa moto umekufa, ndani ya distribyuta hakuna kitu, kwa hiyo dawa ni kung'oa injini yote na gia boksi aweke ya Toyota, milioni nne na nusu, nimpe nusu kwanza.

Nilipomwambia bibi, jioni akaniita chumbani kwake akatoa kopo la chai la zamani. Ndani kuna logbook ya gari, imekuwa rangi ya kahawia lakini inasomeka, na kuna kidude kimefungwa kwa kitambaa cha pamba, cheusi, kigumu kama plastiki ya zamani, kinaingia kwenye kiganja, chini kina tundu na juu kuna kipande cha shaba kimetokeza pembeni. Bibi anasema babu alimwambia 1979 hii ndiyo roho ya gari, askari wakikuuliza hujui. Nikamwonyesha fundi kwa simu, akasema hicho ni takataka tu.

Mjomba nataka bibi apande hiyo gari aende kanisani hata mara moja akiwa hai. Je inawezekana kweli baada ya miaka yote hiyo, au najidanganya? Nimpe fundi hela? Na baba mdogo nimfanyeje?

Mjukuu wa Karani,
Mbale


JIBU

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu niliisoma nimesimama.

Nianze na kile kidude maana siwezi kusubiri. Hicho kilicho kwenye kitambaa ni rota. Rota ya distribyuta. Inakaa juu ya kile kishafti cha katikati ya distribyuta, inazunguka, na kile kipande cha shaba ulichokiona ndicho kinachogawa moto, kwanza silinda ya 1, halafu 3, halafu 4, halafu 2, kila plagi inapata moto kwa zamu yake. Ukiitoa hiyo, gari hata iwe mpya kabisa kutoka kiwandani na betri imejaa na petroli iko, itazungushwa stata mpaka betri ife na haitawaka. Mwenye akili wakati wa vita hakuficha gari, gari haifichiki, alificha rota. Wazee wengi walifanya hivyo mwaka ule lakini wengi rota zilipotea, walifariki bila kusema iko wapi, au watoto walichezea. Bibi yako ameitunza zaidi ya miaka 45 kwenye kopo la chai. Naomba umsalimie sana, mwambie kuna mzee wa gereji huku Jinja anamheshimu.

Kwa hiyo fundi wako alisema kweli bila kujua, ndani ya distribyuta hakuna kitu. Alikosea tu kusema imekufa. Na aliyeonyeshwa rota ya gari akasema ni takataka, huyo usimpe hata shilingi, sisemi ni mtu mbaya, labda amekua na magari ya kompyuta ambayo hayana hicho kitu, lakini gari yako si ya kujifunzia.

Sasa ile tk tk tk. Hiyo ni jambo lingine kabisa, kama betri yake ilikuwa nzima, hapo yaelekea injini imeshika. Miaka yote hiyo bila kuzunguka, ringi za pistoni zimeshikana na kuta za silinda kwa kutu nyembamba, na stata ikisukuma inakuta ukuta. Huenda ni kidogo tu, huenda ni sana, kwa barua siwezi kujua, lakini najua kitu kimoja: usikubali mtu apige stata tena, na usikubali kabisa kabisa mtu aifunge kamba nyuma ya pikap aivute ikiwa kwenye gia. Mimi nilifanya hivyo. Nilikuwa kijana wa spana, mteja ana haraka, gari ilikuwa imelala miaka kama kumi, tukaivuta, ikashtuka, tukasikia mlio mmoja tu, na tulipoifungua pistoni mbili zimepasuka na ringi zimechimba silinda. Yule mzee mwenye gari hakusema neno, alikaa chini kwenye tairi akaangalia chini. Mpaka leo nikiona kamba ya kuvutia gari moyo unanikaza.

Hapa ndipo unapaswa kuijua 404 yako, maana ina tabia zake. Peugeot walianza kuitoa 1960, umbo lake ni la Pininfarina wa Italia, na injini yake ya sentimita za ujazo 1618 haikusimama wima kama za magari mengi, imelala upande kwa nyuzi 45. Hedi ni ya alumini. Plagi ziko ndani ya mashimo marefu, huzioni mpaka uchungulie kwa tochi, na kwa gari iliyokaa na kuku na panya hayo mashimo sasa hivi yamejaa mavumbi, manyoya, na huenda hata njugu. Ukifungua plagi bila kusafisha, takataka zote zinaanguka ndani ya silinda na umejiletea kazi nyingine. Kwa hiyo kwanza pampu ya baiskeli au kompresa, puliza kila shimo mpaka lionekane safi, miwani machoni, ndipo ufungue plagi.

Halafu oili. Chukua ATF, ile oili nyekundu ya gia boksi za otomatiki, changanya na dizeli nusu kwa nusu, mimina kila silinda kama nusu kikombe cha chai. Kwa sababu injini imelala, mafuta yatakimbilia upande wa chini na upande wa juu utabaki mkavu, ndiyo maana usimwage mara moja ukaondoka, mimina leo, kesho tena kwa kutumia mpira mwembamba ukielekeza upande wa juu, keshokutwa tena. Wiki mbili. Najua unataka haraka kwa ajili ya bibi, lakini hizi wiki mbili ni za bei rahisi kuliko zote katika safari hii.

Wakati unasubiri, kile chuma cha herufi Z ndani ya buti ni hendeli ya kuwashia kwa mkono! Inaingia mbele kupitia tundu, inashika pua ya krankshafti. Baada ya wiki mbili, gia ikiwa nyutro na plagi zote ziko nje, ingiza hendeli, ushike vidole vyote pamoja na dole gumba liwe upande mmoja na vingine, usilizungushe kukumbatia chuma, hiyo ni tabia ijifunze kuanzia siku ya kwanza maana siku injini itakapokuwa na moto ikirudi nyuma inavunja dole gumba. Jaribu polepole. Usiweke bomba refu juu ya hendeli kutafuta nguvu. Sukuma kidogo, rudisha kidogo, sukuma, rudisha. Ukisikia imetoa hata robo inchi, acha hapo, mimina mafuta tena, lala, rudi kesho. Itakapozunguka duara nzima utajua, inatoa sauti kama mtu anayevuta pumzi kupitia pua, na mafuta machafu yanaruka kwenye mashimo ya plagi, kwa hiyo usiweke uso pale.

Na kama ikigoma mwezi mzima? Hata hapo si mwisho. 404 ina laina za maji, yaani kila silinda ni bomba lake linalochomolewa kutoka kwenye bloku, na maji ya kupoozea yanaligusa kwa nje. Maana yake unafungua hedi, unatoa laina na pistoni zake, unaweka seti mpya, bloku haiendi hata kuchongwa. Hizo seti mpaka leo zinapatikana, Ufaransa kuna maduka yanayotengeneza vitu vya 404 na yanatuma, ushuru utalipa lakini zinafika. Nairobi pale Kirinyaga Road, ile wazee wanaita Grogan, ulizia pia, maana Kenya pikap za 404 zilitembea miaka mingi baada ya saluni kuacha kutengenezwa 1975. Kampala, soko la Kisekka, utapata vitu vya jumla kama nyaya, hosi, plagi, ila usitegemee ukute neno 404 limeandikwa kwenye boksi. Uliza wenye Peugeot 504 za kabureta, injini zile ni ndugu.

Hizo laina zina hatari moja. Chini zimekalia gasketi nyembamba na zikikauka maji yanashuka kwenye oili. Kabla hujawasha fanya hivi: mwaga oili yote ya zamani, weka mpya ya bei ya chini, jaza maji radieta, usiwashe, lala. Asubuhi legeza nati ya kumwagia oili chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, taratibu, tone moja moja, maana maji ni mazito kuliko oili yanakaa chini. Yakitoka maji kwanza umeokoa injini yako. Ikitoka oili safi tangu tone la kwanza, endelea.

Petroli ya 1979 usiiguse. Mpaka sasa imekuwa gundi ya kahawia inanuka kama rangi ya zamani, ikiingia kwenye kabureta imekwisha. Tangi lishushwe lioshwe. Na tafadhali sana mpwa wangu, likiwa limetoboka usimruhusu mtu alichomee, hata aseme limekaa wazi miaka arobaini, mvuke unabaki ndani ya kutu na tangi tupu linalipuka kuliko lililojaa. Siku ya kuwasha mara ya kwanza hata usilitumie tangi, weka chupa ya petroli safi yenye mpira mpaka kwenye pampu, itundike mbali na nyaya, na mtu asimame na kizimamoto. Kuhusu petroli yenye madini ya risasi ambayo wazee watakwambia gari hii inataka, Afrika yetu hii ya kusini mwa Sahara iliiacha mwanzoni mwa 2006 na 404 zinaendelea kutembea, hedi ya alumini viti vyake vya vali ni vya chuma kigumu vilivyopachikwa, usipoteze usingizi hapo.

Pointi ndani ya distribyuta, vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana kukata umeme, zitakuwa zimeshika ukungu wa kijani, pitisha msasa laini sana katikati, uache nafasi ya milimita 0.4, ndipo urudishe rota. Haiingii vibaya, ina pengo lake linalokaa sehemu moja tu. Ningependa bibi ndiye airudishe. Aletewe kiti, mshike mkono, ataisukuma chini mpaka ikae. Ikikaa inatoa kisauti kidogo.

Sasa breki, na hapa nataka unisikilize kuliko kote. Watu wakisikia injini inanguruma wanapiga vigelegele, wanafunga magurudumu, wanaingia barabarani siku hiyo hiyo. Gari ya babu yako ni karibu tani moja na haina breki. Hata kama pedali inashuka na kurudi, haina. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani, na maji yamekaa ndani ya masta silinda na silinda za magurudumu miaka yote hii yakila chuma, raba zimekuwa kama biskuti, na hosi zile nyeusi nje zinaonekana nzima na ndani zimevimba zimeziba. Hayo yote yatoke. Raba mpya zote, hosi mpya zote, mabomba ya chuma yaliyooza yabadilishwe, kiowevu kipya. Kwenye milioni zako tatu, kata pesa ya breki kwanza uiweke pembeni kabla hujanunua hata plagi. Na matairi yale ya ghalani, hata yakiwa na kashata zote, yatumie kusukuma gari kwenye uwanja tu.

Ile mvua iliyokuwa inaingia nyuma inanisumbua zaidi kuliko injini, nikuambie kweli. 404 saluni haina chesisi ya kujitegemea kama lori, bodi yenyewe ndiyo chesisi, na udongo wa mchwa unakaa na unyevu kama sifongo. Kwa hiyo kabla ya yote, leo au kesho, toa ule udongo wote, na utoe kwa mkono na brashi, usimwage maji. Kuwa mwangalifu na nyoka. Halafu chukua bisibisi, pita chini ya milango pande zote mbili, sakafu, na sehemu ya nyuma spring zinaposhika, gonga gonga. Chuma kizima kinalia ting. Kilichooza kinalia kama karatasi na bisibisi inazama. Chora alama ya chaki kila inapozama. Zikiwa alama tano sita za ukubwa wa kiganja, mtu wa kuchomea mzuri anamaliza. Ikizama mfululizo chini ya milango yote, niandikie kabla hujatumia hela yoyote, maana hapo hesabu inabadilika na sitakuficha.

Kitu kingine kidogo ambacho mafundi wengi hawakijui na kimeua 404 nyingi baada ya kufufuliwa. Difu yake si ya meno ya kawaida, ni ya uzi kama wa skrubu unaozungusha gurudumu la bronzi. Oili za difu za kisasa zina viungo vya salfa na vinakula bronzi polepole. Mwambie fundi atafute oili isiyo na hivyo viungo, na akisema zote ni sawa, chukua funguo zako.

Kuhusu injini ya Toyota. Naelewa kwa nini anaitaka, spea ziko kila kona na yeye anaijua. Na kuna watu wameweka na wanatembea. Lakini fungua ile logbook ya babu uangalie, kuna namba ya chesisi na kuna namba ya injini. Gari iliyokaa nje ya barabara tangu namba za zamani zile za U na herufi mbili itabidi uipeleke ofisi ya usajili, polisi waikague, ipewe namba mpya, na kitu kitakachokusaidia kuliko vyote ni kwamba karatasi na chuma vinasema neno moja. Ukifika na injini ya Toyota namba hazilingani, unaanza kueleza injini imetoka wapi. Halafu kuna hili, sijui kama lina uzito kwako, kwangu linao: 404 ilishinda mashindano ya magari ya East African Safari mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, kwenye matope yetu haya haya ya Kenya, Uganda na Tanzania, na 1963 na 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Babu yako aliinunua mwaka mmoja baada ya huo ushindi wa mwisho. Karani wa jineri aliyeweka akiba miaka yote ile alijua anachonunua, na alichonunua ni hiyo injini.

Nije kwa baba mdogo. Usigombane naye. Anaona laki saba mkononi na stoo inayovuja, na huenda ana ada za watoto. Lakini gari ni mali ya marehemu, si yake wala si yako, na kisheria hakuna mwenye ruhusa ya kuuza kitu cha marehemu kabla msimamizi wa mirathi hajateuliwa. Itisha kikao cha familia, bibi akae katikati, mwenyekiti wa kijiji, wa LC1, awepo, muandike nani amesema nini na kila mtu atie sahihi. Kama hakuna wasia, mtapita kwa Msimamizi Mkuu wa Serikali mpate cheti cha kutokuwa na pingamizi, halafu mahakamani mpate barua za usimamizi. Inachosha, inachukua miezi, lakini bila hizo karatasi hata ukiifufua gari haiwezi kuandikwa jina la mtu aliye hai. Na usitumie hiyo akiba yako kabla kikao hakijaandika kwamba unaitengeneza kwa ridhaa yao na gharama zako zinatambuliwa. Nimeona binti mmoja ametengeneza gari ya marehemu baba yake kwa pesa zake zote, siku inang'aa ndugu wakatokea kuigawana.

Kwenye kikao mwambie baba mdogo hili pia, kwa upole. Hiyo laki saba ni bei ya chuma kinachokwenda kuyeyushwa kuwa nondo. Na tangu sheria ya barabarani ilipobadilishwa 2018, gari yenye miaka 15 na zaidi haiingizwi nchini, kwa hiyo hii ikishapanda lori la chakavu hakuna siku mtavuka mpaka wa Malaba kirahisi mkalete nyingine. Mwombe miezi sita tu. Na kama kuna mtoto wake wa kiume anayependa spana, mwite asafishe naye ule udongo wa mchwa, baba akiona mwanawe ana grisi kwenye vidole lugha yake itabadilika.

Milioni tatu hazitatosha kumaliza, nisikudanganye, rangi na viti vitasubiri. Zinaweza kutosha kwa breki, hosi, betri, kusafisha tangi na kabureta, oili na kuchomea kidogo, ikiwa injini itakubali kuzunguka kwa hendeli. Usichukue mkopo wa SACCO juu yake. Kanisa liko umbali gani? Kama ni kilomita mbili tatu za murram, bibi anaweza kwenda kwenye gari isiyo na rangi mpya.

Tafuta fundi mzee. Tororo wapo, pale karibu na reli wanapokaa waliokuwa mafundi wa reli na wa malori ya zamani, waulize kwa Kiswahili nani hapa aliwahi kufungua 404, utaelekezwa kwa mtu mwenye mvi anayekaa chini ya mti. Mwonyeshe ile rota bila kusema kitu. Akitabasamu, huyo ndiye.

Anza na bati la stoo. Kesho, kabla ya mvua ya jioni. Halafu udongo, halafu bisibisi na chaki, unitumie picha za alama na picha ya namba ya injini tulinganishe na logbook. Rota irudishe kwenye kitambaa chake, kwenye kopo, mikononi mwa bibi, mpaka hendeli izunguke.

Mjomba wa Gereji,
Jinja